Uzi: Makazi ya gofu Dodoma. Hesabu majitaka kwanza, mashimo baadaye

Mpimaji_Nala (mleta uzi)

Mbukwenyi wadau. Wazo la nyumba nzuri kuzunguka uwanja wa gofu lina mvuto hapa makao makuu, na watu hupenda kutolea mfano wa makazi ya gofu ya Usa River kule Arusha. Sawa, lakini Usa River inakaa chini ya Mlima Meru na mito yake. Dodoma tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya vumbi. Mchoro wa kule ukiuleta huku utaua aidha nyasi au visima vya watu.

Tujadili kwa mfano mmoja ili tusipige porojo. Hekta 150, mpakani mwa Jiji upande wa Chamwino au Bahi. Ndani kuna vilima viwili vya mawe, mibuyu kumi na kitu, mashamba ya uwele na mtama, korongo moja, makaburi ya zamani, na njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Mwekezaji anataka nyumba 300, hoteli ya vyumba 60 na gofu.

Utaratibu ninaoupendekeza: ramani ya kwanza iwe ya visivyoguswa. Makaburi, sehemu za matambiko, mibuyu, mapito ya mifugo, mkondo wa maji, miteremko mikali. Ramani ya pili iwe ya maji. Mashimo ya gofu yapangwe kwenye kinachobaki, viwanja vya nyumba vifuate mwisho. Wengi huanza na viwanja vya nyumba kwa sababu ndivyo vinavyouzwa, halafu gofu inasukumwa kwenye korongo na makaburini. Mpango Mkuu wa Dodoma wa 1976, ule uliochorwa na kampuni ya Toronto, pamoja na mapungufu yake uliheshimu vilima na mabonde. Hatuna sababu ya kuwa wabovu kuliko wao.

Karibuni.

Kisima_Kirefu

Mkuu umegusa penyewe. Niweke namba za maji, maana hapo ndipo ndoto nyingi zinafia.

Septemba hadi Novemba, jua na upepo wa Dodoma vinaweza kunyonya karibu milimita 6 kwa siku. Nyasi za joto kama ukoka zinaishi kwa takribani asilimia 65 ya hapo, tuseme milimita 4. Ongeza kinachopotea kwenye mabomba na upepo, panga milimita 5. Milimita moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, kwa hiyo kila hekta inakunywa mita za ujazo 50 kwa siku.

Uwanja wa mashimo 18 ukimwagilia hekta 25 (na hapo umejibana), ni mita za ujazo 1,250 kila siku. Kwa lita 70 kwa mtu, ni maji ya watu zaidi ya 17,000. Hakuna afisa wa bonde la maji mwenye akili timamu atakayekupa kibali hicho kutoka ardhini, na akikupa, omba kisikauke kabla ya kesi.

Sasa angalia upande wa pili. Nyumba 300, watu 5 kila moja, lita 120 kwa mtu, asilimia 80 inarudi kama majitaka: mita za ujazo 144. Hoteli ikijaa inaongeza kama 12. Jumla 156. Gawa kwa 50, unapata hekta 3 na ushee. Hicho ndicho kipimo cha uwanja wako. Si 25.

Mkitaka kujua kwa nini nasisitiza majitaka na si visima, someni kumbukumbu za Makutupora, bonde la visima linaloinywesha Dodoma. Vipimo vya zaidi ya miaka 50 vinaonyesha maji yale hayajazwi na mvua za kawaida za kila mwaka. Yanajazwa kwa vipindi, kwenye miaka ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997 na 1998, kisha yanashuka polepole miaka mingi. Kwa hiyo kisima kupimwa na kutoa maji mengi mwaka huu hakukwambii chochote kuhusu mwaka wa nane.

Na jueni mko bonde gani. Eneo likimwaga maji kuelekea Kinyasungwe, mnaenda Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Likielekea Bahi, ni Bonde la Kati. Kibali cha kuchimba kisima na kibali cha kutumia maji ni vitu viwili tofauti. Watu wanachimba kwa cha kwanza na kudhani wamemaliza.

NyasiFupi

Hekta 3 zinatosha mashimo 9, wakuu, ila kwa nidhamu. Grini (ile sehemu ya nyasi laini yenye kitundu cha mpira) moja mita za mraba 500, zikiwa 9 ni 4,500, na ya mazoezi 1,000. Vituo vya kuanzia mita za mraba 250 kila shimo, jumla 2,250. Hapo hujafika hata hekta moja. Hekta 2 na kitu zilizobaki ni za vipande vya nyasi fupi pale mpira unapotua, si ukanda mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashimo mafupi, yale ya kupiga moja kwa moja hadi grini, hayahitaji ukanda kabisa. Weka matatu ya aina hiyo. Kwingine kote acha majani ya asili yakauke kiangazi yawe rangi ya dhahabu. Mpira kwenye ardhi kavu unakimbia mbali, wachezaji wazuri wanaipenda.

Sasa grini, ndipo pesa inapolala. Mfumo wa kawaida ni changarawe sentimita 10 chini, mchanga sentimita 30 juu. Kwa mashimo 9, mchanga ni mita za ujazo 1,350 na changarawe 450. Mchanga wenyewe si wowote: asilimia 60 au zaidi ya chembe ziwe kati ya robo ya milimita na milimita moja, tope isizidi asilimia 5, mfinyanzi usizidi 3. Mchanga wa mito yetu ya msimu una tope. Usipooshwa, miaka miwili grini inakuwa sakafu: maji yanasimama juu, mizizi inabaki sentimita mbili tatu, ugonjwa wa ukungu unaingia. Peleka sampuli maabara kabla ya kulipa lori la kwanza, kisha pima tena kila baada ya lori kadhaa. Muuzaji akimaliza kona nzuri ya mto anahamia kona mbaya bila kukwambia.

Nyasi: ukoka chotara unapandwa kwa vipandikizi, si mbegu. Paspalum ya pwani ni ya kufikiria kama maji yana chumvi nyingi, kwa sababu inavumilia kuliko ukoka.

Binti_Mvumi

Kaka NyasiFupi, umesema mchanga wa mto kama vile ni wa bure. Mita 1,350 si kidogo kwa korongo moja. Kiangazi akina mama wanafukua visima ndani ya mchanga huohuo, futi tatu nne, wanakaa na kata wakisubiri maji yachujike yajae ndoo. Mchanga ndio tangi lao. Ukiubeba, maji ya mvua yanapita juu ya mwamba yanakwenda zake, na kingo za mto zinaanza kuporomokea mashamba.

NyasiFupi

Dada, hoja imefika. Mchanga uchukuliwe kwenye machimbo yenye kibali, mbali na sehemu yoyote wanakochota. Au saga mawe: unga wa mawe uliochekechwa na kuoshwa unafanya kazi, ingawa chembe zake zina kingo kali na lazima upime jinsi unavyopitisha maji. Njia ya tatu watu wanaicheka, lakini ni ya nchi kavu kabisa: grini za mchanga uliochanganywa na mafuta, za kahawia, ambazo viwanja vingi vya Afrika vilianza nazo. Hazinywi tone. Unaburuta ubao kusawazisha kabla ya kupiga. Mafuta machafu ya magari usiguse, yanachafua udongo na mamlaka ya mazingira itakufuata.

Kisima_Kirefu

Nyongeza ambayo mauzo hawapendi kuisikia. Hesabu yangu ya mita 156 ni ya siku nyumba zote 300 zina watu. Mwaka wa kwanza utakuwa na nyumba 30: mita za ujazo 14 kwa siku, ambazo zinalisha grini tano na nusu, basi. Lakini mwekezaji anataka uwanja wote uwe kijani mwaka wa kwanza ili viwanja viuzike. Hapo ndipo kinapochimbwa "kisima cha muda". Hakuna kisima cha muda Dodoma. Kikishafungwa pampu kimezaliwa.

Suluhisho ni kujenga kwa awamu: mashimo matatu na eneo la mazoezi kwanza, mengine yafuate idadi ya nyumba zenye watu, na iandikwe hivyo kwenye masharti ya cheti cha mazingira. Ikibaki kwenye brosha tu haina nguvu.

Mvua ya mapaa nayo si haba. Paa la mita za mraba 200, mara 300, kwa mvua ya milimita 550 ukipoteza moja ya tano: mita za ujazo 26,400 kwa mwaka. Ni kama siku 169 za matumizi ya uwanja. Kosa ni kuyaweka kwenye bwawa la wazi la kupendezesha mandhari: hekta moja ya uso wa maji inapoteza mita za ujazo 60 kwa siku kwa jua, zaidi ya theluthi ya maji ya uwanja mzima. Bwawa liwe jembamba na refu kwenda chini, mita 4 au 5, litandikwe plastiki ngumu, na kila nyumba iwe na tangi lake.

Kuzuia korongo ni habari nyingine. Nalo linahitaji kibali, na lambo la kijiji liko chini yako.

Mthamini_Huru

Naingia kwenye ardhi na fidia.

Kwanza jua uko ardhi ya aina gani. Ndani ya Jiji sehemu kubwa ni eneo la mipangomiji: mchoro, upimaji, hati, na kubadili matumizi kama mchoro uliopo unasema kilimo. Ukivuka kwenda vijiji vya Chamwino au Bahi unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999. Ardhi ya kijiji lazima ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali, kabla ya hati ya uwekezaji. Eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, likizidi hapo mkutano unapendekeza na waziri anaamua. Na uhamisho haukamiliki mpaka aina, kiasi, njia na muda wa fidia vimekubaliwa. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji peke yake si mkutano mkuu. Hili limeua miradi mingi kuliko ukame.

Wanakijiji nao wajue: ardhi ikishahama hairudi kijijini mradi ukifa. Inabaki serikalini ikisubiri mwekezaji mwingine. Kama kuna lambo au malisho ndani ya hizo hekta 150, yakateni yabaki ardhi ya kijiji kabla ya kusaini. Ahadi ya "mtaruhusiwa kuchota" haina thamani kampuni ikibadilisha jina.

Fidia ina vipande vyake: thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida ya miezi 36 kwa wenye biashara. Ardhi tupu haipati usafiri, makazi wala faida. Kwa hiyo tarehe ya uthamini ina siasa zake: ukienda Septemba, shamba la uwele lililovunwa linaandikwa "pori". Malipo yakipita miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na yakipita miaka 2 uthamini umekufa, unaanza upya.

Mwenye_Ng'ombe

Mthamini, malisho ya wote analipwa nani?

Mthamini_Huru

Mkuu, jibu la kweli ni kwamba kwenye jedwali la fidia malisho ya wote hayana jina la mtu, kwa hiyo halipwi mtu. Ndiyo maana nasema yasiingie kwenye mauzo kabisa.

Mpimaji_Nala

Na pito la mifugo lichorwe kwenye mchoro kama barabara, liwe na vigingi vyake. Upana wa mita 30 unatosha kundi kupita bila kupanda grini, na kona zisiwe kali maana ng'ombe wa nyuma husukuma. Likatize mahali pa majani ya asili, kati ya grini na kituo cha kuanzia kinachofuata. Pembeni panda minyaa safu mbili: mbuzi hawaili, haihitaji maji, na inakua kwa kukatwa fimbo na kuchomeka. Waya wa miba unawakwaruza ng'ombe na unaibiwa.

Msidhani kuondoa mifugo ndiyo kuhifadhi ardhi. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo ikatolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Majani na miti vilirudi kweli. Ila ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwingine na mzigo wao.

Malikale_Kati

Kwa upande wa urithi, kazi ya kwanza ni miguu. Tembea eneo lote Septemba au Oktoba majani yakiwa yamelala, pamoja na wazee wa ukoo wa pale, wanaume na wanawake, kwa sababu kila upande unajua mahali pake. Baada ya mvua majani yanaficha kila kitu.

Tembe (nyumba ya asili ya Wagogo yenye paa bapa la udongo) lililoanguka huacha tuta la chini lenye pembe nne, jalala la majivu kando, vigae vya vyungu na jiwe la kusagia lenye tumbo lililolika. Zizi la zamani unalijua kwa majani mazito kuliko jirani zake. Makaburi mengi ya zamani hayana saruji: ni rundo la mawe karibu na boma, na greda linayaona kama mawe ya kawaida. Kila ukipata kimoja, chukua majira ya nukta kwa kifaa, picha, jina la ukoo, na nani anaenda pale na wakati gani. Mahali pa kuombea mvua usipaweke kwenye ramani ya wateja hata kama wazee wamekuonyesha. Andika tu "eneo lisilojengwa".

Kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na anayevumbua lazima atoe taarifa. Makaburi yana sheria yake ya kuyahamisha, ya 1969, na gharama zake ni pamoja na matambiko, si jeneza na usafiri tu. Lakini ushauri wangu ni kusogeza shimo la gofu, si kaburi. Kusogeza grini mita 40 kwenye karatasi ni bure.

Kwa dereva wa greda iwe amri ya maneno machache: ukiona mfupa, kigae au majivu, zima mashine, zungushia kamba mita 20, piga simu. Na asikatwe malipo ya saa alizosimama. Akikatwa, hataona kitu tena mpaka mradi uishe.

Kuhusu mbuyu: mizizi yake iko juu juu na inakwenda mbali sana kuliko matawi. Usichimbe mtaro wala kupitisha mashine nzito ndani ya mita 25, na kinyunyizio kisiufikie. Mbuyu umezoea kiangazi. Ukiumwagilia mwaka mzima unaoza kuanzia ndani, na unaanguka siku isiyo na upepo. Haki ya kuokota ubuyu iandikwe kwa majina ya familia zinazookota sasa.

Binti_Mvumi

Na tafadhali, tusiletewe baa yenye paa la bati lililopakwa udongo wakaiita tembe.

Malikale_Kati

Dada hapo nakuunga mkono, ingawa tembe halisi nalo lina bei yake. Paa ni nguzo, fito, majani, kisha udongo uliopondwa, zito mno. Likijengwa kwa miti ya porini, jengo moja la hoteli linafyeka kilima. Tumia nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa ya mchwa. Paa lizibwe nyufa kila Novemba kabla ya mvua, na hao wanaojua kuziba walipwe kama mafundi, mkataba wa mwaka. Bila mkataba huo, Januari ya pili paa linavuja na mwenye hoteli anaagiza bati.

Muheme pia. Ni ngoma ya akina mama yenye nafasi yake, si kengele ya getini kila gari la wageni likiingia. Mgeni mwenye hamu apelekwe Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Wagogo, alipe huko. Mwenye siku nzima aende Kolo kuona michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Apitie kituo cha malikale apewe mwongozaji, na asimwagie maji michoro ili ing'ae kwenye picha. Mungomi, mojawapo ya miamba hiyo ya Kolo, bado ni mahali pa ibada, akikuta watu asubiri.

NyasiFupi

Ratiba ya ujenzi haijaguswa na ndiyo inayoleta makorongo. Kazi ya greda Mei hadi Oktoba. Usifungue zaidi ya mashimo matatu kwa mara moja. Udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, ulimbikizwe pembeni urudishwe, maana ndiyo mbegu zako za majani ya asili. Makinga maji kwenye kontua yawe tayari kabla Novemba haijaisha. Mvua ya kwanza inapiga ardhi tupu, na saa moja inatosha kufungua mfereji wa futi mbili.

Vipandikizi viingie ardhini baada ya mvua kushika, mwishoni mwa Desemba au Januari. Wiki tatu za mwanzo vinataka maji mepesi mara nne tano kwa siku, kwa hiyo ukipanda Agosti utakunywa maji mara mbili ya hesabu ya Kisima_Kirefu. Kwenye mteremko tandaza wavu wa katani.

Kumwagilia ni usiku, saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri, upepo ukiwa umelala. Vinyunyizio viwe vya kuelekea ndani kwenye kingo za grini, vinginevyo unamwagilia mchongoma.

Mwenye_Ng'ombe

Maji ya choo yaliyosafishwa, ng'ombe akinywa kwenye dimbwi la uwanja inakuwaje? Na hayo maji si yana chumvi?

Kisima_Kirefu

Mkuu, asinywe. Dimbwi la mwisho lizungushiwe uzio, na maji safi ya mifugo yawekwe birika pembeni ya pito ili asitamani ya uwanja. Wafanyakazi nao wavae buti, na nyasi zikauke kabla ya mchezo.

Chumvi ipo, na kila ukizungusha maji inaongezeka. Dalili ni unga mweupe kwenye kingo za grini na ncha za majani kuungua. Pima maji kila mwezi na udongo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua. Masika yakiwa mazuri yanaisukuma chini. Yakiwa mabaya, weka jasi, inachimbwa Itigi hapo jirani, kisha fungulia maji mengi usiku mmoja badala ya kidogo kila siku. Mfereji wa chini ya grini usimwage korongoni, uelekeze kwenye matete. Na chimba kisima cha kupimia tu, mita 100 hivi chini ya uwanja upande wa kijiji, ufunguo wake ukae kwa kamati ya maji ya kijiji.

Binti_Mvumi

Ufunguo na karatasi za majibu ya maabara pia, kwa Kiswahili.